Jina Lililoifungia Sauti ya Wifi

Majina ya watu wa ukoo wa mume wangu ninayo yote kichwani. Waliozaliwa, walioolewa mbali, waliohamia Mkula wakasahau njia ya kurudi, ninao. Watoto wakibishana nani alimfuata nani kuzaliwa, wananijia mimi. Lakini hapa sitaandika jina hata moja. Sijayasahau. Katika habari hii kuna jina moja ambalo sikuruhusiwa kulitaja, na nikiandika mengine nikaliacha hilo, mahali pake pataonekana kama pengo la jino la mbele.

Ilikuwa mwezi wa tisa, joto limeshaanza. Mwanangu wa kiume alikuja Bariadi, ninapokaa na mjukuu wangu wa kike, akaniletea mfuko wa michembe. Nikajua ana jambo, maana viazi vikavu vile havimtoi mtu Meatu bure.

"Mama, tumekubaliana," akasema. "Ule mji wa zamani wa Lingeka tunaingiza trekta. Mvua za kwanza zikidondoka, tunapanda pamba."

"Na makaburi?"

"Tutayazunguka."

"Utayazungukaje nawe huyajui?"

Akacheka. "Si yale mawe, mama? Tutaacha kipande katikati."

Pale Lingeka ndipo nilipoolewa. Tulihama zamani, tukasogea barabarani, na ule mji ukabaki minyaa na vichuguu. Makaburi yake si ya saruji. Mengine yana jiwe, mengine jiwe lilishachukuliwa na wachunga ng'ombe wakapikia. Na hayako katikati wala nini. Yako huku na huku, kama watu walivyokuwa wanaishi.

Majina ya waliolala pale nilikuwa nayo yote. Nisichokuwa nacho ni nani yuko wapi. Nilifika bibi arusi wakati wengi walishazikwa, na bibi arusi katika nyumba ile hakuzungukazunguka kuuliza. Aliyejua alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Na wifi alikuwa ameshafariki.

"Ngoja," nikamwambia mwanangu. "Wifi alirekodiwa. Ipo kwenye kompyuta."

Niliyasema kwa kujiamini sana. Miaka miwili nyuma, mjukuu wangu alimfuata shangazi yake mkubwa kule Kimali, wakaenda wote Lingeka, wifi akitembea na fimbo yake, akigusa kaburi moja moja na kusema ni la nani, na mjukuu anamrekodi kwa simu. Mimi mguu ulikuwa umevimba, sikwenda. Ile simu ilikuja kutumbukia kwenye ndoo ya maji ikafa, lakini picha zilikuwa zimeshahamishiwa kwenye kompyuta ya dukani kwake, na hata daftari la majina niliyokuwa namsomea mjukuu jioni lilikuwa limechapwa humo.

Kwa nini sikuwahi kuzitazama miaka yote miwili? Nitasema. Mimi na wifi hatukuanza vizuri. Nilipoolewa alikuwa amerudi kwao, na alikuwa akinifokea kwa kila kitu, chumvi, kuni, namna ninavyobeba ndoo. Baadaye hata mahali pa kukaa. Nyuma ya jiko kulikuwa na jiwe la kusagia lililovunjika, limelala kivulini, na mimi nikitoka shambani nilipenda kuketi pale. Akiniona tu: "Mke wetu, ondoka hapo! Umekosa pa kukaa?" Mpaka tunahama aliendelea na hilo jiwe. Uzeeni tulipatana, tukawa tunaitana kwa utani. Lakini kulikuwa na jambo moja kati yetu ambalo hatukuwahi kulisema, na nilijua kwamba kwenye ile rekodi atakuwa amelisema. Nikawa najiambia nitaitazama nikiwa tayari.

Jambo lenyewe ni hili. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa kiume, aliishi miezi mitatu. Alipokufa mimi nilikuwa hoi kwa homa, hata kukaa siwezi. Wifi ndiye aliyembeba akatoka naye. Nilipopata nguvu ya kusimama, kazi ilikuwa imekwisha, na mama mkwe akaniambia nisiulize, nizae mwingine. Nikazaa wengine saba. Sikuuliza. Zaidi ya miaka hamsini sikuuliza.

Sasa trekta inakuja.

Nikamfuata mjukuu dukani siku hiyo hiyo. Ana stesheneri karibu na stendi, anachapa barua, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti. Nilimkuta anambania mteja kitambulisho kwenye plastiki. Nikamwambia, nifungulie rekodi ya shangazi yako.

Uso wake ukabadilika.

"Bibi, kompyuta si tuliibadilisha mfumo?"

"Mfumo gani?"

Akanieleza. Ile kompyuta ilikuwa imejaa virusi vya flashi za wateja, ikawa inawaka kama mgonjwa anavyoamka. Fundi akashauri waufute mfumo wa zamani, aweke mwingine wa bure usioshambuliwa sana. Kabla ya kufuta, wakaweka vitu vyote pembeni, kwenye kile kidude cha kuhifadhia wanachokiita eksteno.

"Basi si vipo?"

"Vipo, bibi. Ila toka tubadilishe sijawahi kuvirudisha."

"Virudishe sasa."

Akachomeka. Eksteno ikawasha taa yake ya bluu. Kwenye kioo pakatokea maneno ya Kiingereza, akayafunga. Akachomoa, akachomeka tundu jingine. Maneno yale yale. Wateja wawili wakawa wamesimama nyuma yetu na karatasi zao. Mjukuu akasema, "Bibi, nenda nyumbani nitakuletea habari." Nikamwambia sina cha kufanya nyumbani. Nikavuta stuli.

Kesho yake akaja fundi. Mtu mzima, ana watoto, mcheshi, Msukuma wa huku huku.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola duhu. Nataka vitu vyangu."

Akacheka, akakaa. Akasema mfumo mpya na ile eksteno hawajazoeana, kuna kitu kidogo inabidi akiweke ili waelewane. Kukipata hicho kitu mtandaoni kulimchukua mpaka adhuhuri. Hatimaye eksteno ikafunguka. Nikasogeza stuli. Nilitegemea kuona picha ya wifi. Hapakuwa na picha. Palikuwa na kitu kimoja tu, chenye jina refu la namba.

"Ndiyo vitu vyako hivyo, mayu. Vyote viko humo."

"Mbona ni kimoja?"

Akakuna kichwa. "Ile programu ya bakapu ya mfumo wa zamani inavikandamiza vyote pamoja. Umeona pamba inavyotoka jineri? Inaingia malundo na malundo, inatoka robota moja, limefungwa nyaya. Huwezi kuchomoa konzi moja pembeni. Mpaka ukate nyaya."

Hapo nilimwelewa vizuri. Nimelima pamba maisha yangu yote.

"Basi kata."

"Kukata kunataka programu yake, na yake ni ya mfumo wa zamani. Nitatafuta inayofanana." Halafu, nadhani kwa kunionea huruma, akaongeza, "Lakini mayu, nasikia wewe unayajua majina ya ukoo wote kwa kichwa. Si wakupe daftari jipya uanze upya? Tuachane na hili robota."

"Majina ninayo," nikamwambia. "Mawe sina."

Hakunielewa, lakini aliona sina mpango wa kuondoka. Siku ya tatu alikuja na kompyuta yake mwenyewe ndani ya begi, ikiwa bado na mfumo wa zamani. Wakachomeka eksteno. Programu ikalitambua lile robota, mjukuu akapiga makofi. Nikaanza kumshukuru, "Wabeja, wabeja sana." Kabla sijamaliza, kikatokea kidirisha kidogo katikati ya kioo.

"Inataka paswedi," fundi akasema. "Uliweka?"

Mjukuu akashika mdomo.

Aliweka. Siku ile ya bakapu programu ilimwambia aweke neno la siri, gumu, lisilokisiwa. Akafikiri: kompyuta zinaibwa, na wezi wa siku hizi wanaanza na tarehe ya kuzaliwa na jina la mpenzi. Yeye akaweka jina ambalo hakuna mtu duniani angelikisia. Alikuwa ametoka kulisikia Lingeka kutoka kwa shangazi yake. Jina la utotoni la babu mzaa babu yake.

"Basi liandike," fundi akasema.

"Nimelisahau." Machozi yakaanza kumtoka. "Nililisikia siku ile moja tu. Nikasema nikilisahau nitafungua rekodi nisikilize."

"Rekodi iko wapi?"

"Humo humo."

Fundi akamtazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka akaegemea ukuta. "Umefunga kihenge, ufunguo ukautupia ndani juu ya mahindi!"

"Usimcheke," nikasema. Lakini moyo ulikuwa unanidunda kwa sababu nyingine.

Yule babu mzaa babu yake ni baba mkwe wangu. Jina lake la ukubwani kila mtu analijua, ndilo wanalotumia shuleni na kwenye vitambulisho, na mjukuu alilijaribu hilo hapo hapo kwa kubahatisha, likakataa. La utotoni lilikuwa la mama yake na dada zake tu. Na katika nyumba ile mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe, lolote. Juma nililofika, mama mkwe aliniita jikoni akaninong'oneza majina yote mawili, ili nijue ya kukwepa. Aliyataja mara moja. Mimi jina likinifikia mara moja halitoki.

Waliolijua lile la utotoni wote walishaondoka. Wifi alikuwa wa mwisho. Nimebaki mimi, ambaye sikuruhusiwa.

Na kuna zaidi. Mtoto wangu wa kwanza alirithishwa jina hilo hilo. Ndivyo kwetu, mtoto anabeba jina la babu yake. Wifi ndiye aliyelitamka siku ya kumtoa nje. Mimi mwanangu nilimwita "baba" kwa miezi yake yote mitatu. Nimemnyonyesha, nimemwogesha, nimemwimbia, namwita baba. Jina lake halijawahi kutoka kinywani mwangu.

"Mimi ninalijua," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Haya mayu, litaje, mimi vidole hivi hapa."

"Silitaji."

"Bibi!" mjukuu akasema.

"Ni la mkwe wangu. Toka nimeolewa sijalitaja, leo nilitaje kwa sababu ya mashine?"

Fundi akaweka mikono kifuani. "Mayu, kwa heshima zote, mkwe wako si alishakufa? Hatasikia."

"Wewe ulikwenda ukamkuta hasikii?"

Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri kopi, mama wa makamo mwenye kanga ya kanisa, akadakia, "Mwacheni bibi. Mimi mwenyewe la mkwe wangu sisemi, na nimeokoka." Kukawa na kicheko. Fundi akasema basi nimnong'oneze sikioni, nikamwuliza kunong'ona si kusema? Akasema basi apigiwe simu mwanangu. Mwanangu hakulijua. Akapigiwa ndugu wa Mkula, naye hakulijua, akauliza kwani kuna mirathi.

Nikainama pale kwenye stuli. Nilimfikiria mama mkwe na mnong'ono wake. Alisema, usilitamke. Alisema, lisipite mdomoni mwako. Nilikumbuka maneno yake yote, na nikayapitia kama mtu anayechambua mchele. Alizungumzia mdomo. Vidole hakuvigusa. Hakujua kusoma, Mungu amrehemu, asingewaza kwamba jina linaweza kutoka kwa njia ya vidole. Najua mtu anaweza kusema nilijitafutia upenyo. Ni kweli, nilikuwa nautafuta. Trekta ilikuwa inakuja.

Shule mimi nilisoma mpaka darasa la pili. Kusoma kwenyewe nilikuja kukupata kwenye kisomo cha watu wazima, ndani ya ghala la pamba, na mtoto mgongoni. Kwenye ile mashine sikuwahi kugusa kitu. Lakini herufi ni herufi.

"Nitaliandika mwenyewe," nikasema. "Nanyi mgeuke ukutani."

"Sisi?" fundi akauliza.

"Nyote. Na yule mama wa kopi."

Wakageuka. Duka zima, watu watatu, wakitazama bango la mitindo ya picha za pasipoti. Mimi nikavaa miwani.

Herufi kwenye ile mashine hazikupangwa kama tulivyofundishwa. Zimetupwa tu. Ya kwanza niliipata chini kabisa. Nikaikandamiza kwa nguvu, nisije nikakosea. Kwenye kidirisha pakatokea doti nyeusi, na nyingine, na nyingine, zikamiminika kama mtama kutoka kwenye gunia lililotoboka.

"Inamwagika!" nikapiga kelele.

"Usiishikilie, mayu!" fundi akajibu, bado ametazama ukuta. "Donoa tu! Kama kuku!"

Mjukuu akanielekeza, naye hageuki, kitufe cha kufutia kilipo. Nikafuta zote. Nikaanza tena, nikidonoa. Doti moja. Nikaitafuta ya pili. Doti ya pili. Hapo ndipo nikaelewa. Ile mashine ilikuwa inaficha jina. Naipa herufi, nayo inaonyesha doti tu, ili hata anayetazama asilione. Nikaona kumbe na yenyewe ina adabu ya mkamwana. Nikapata moyo, nikaendelea.

Sikuwa nafikiria mkwe. Naandika ukweli. Katikati ya jina nilikuwa namfikiria mwanangu. Nilikuwa namwita.

Nilipomaliza nikasema geukeni. Fundi akabonyeza kitufe kikubwa. Pakatokea mstari mwembamba wa kijani, ukaanza kujaa taratibu kutoka kushoto.

"Imekubali," akasema, kwa sauti ya chini. Mjukuu akanikumbatia shingoni nusura miwani idondoke. Yule mama wa kopi alikuwa bado hajapewa kopi zake wala hakuziuliza.

Wifi tulimtazama alasiri, mimi na mjukuu, mlango wa duka tumeurudisha. Akatokea na kitambaa chake chekundu na fimbo, anahema, anamgombeza mjukuu asimtembeze kwenye miiba. Sauti yake ile ile. Akagusa jiwe, akataja jina. Akaenda, akagusa jingine. Kila alipotaja nilitikisa kichwa, ninaye, ninaye. Aliposimama kwa baba yake akasema jina la ukubwani, halafu la utotoni, akacheka, "Mke wetu akinisikia atakimbia." Niliziba masikio kwa mazoea, huku nacheka na mimi.

Halafu akazunguka nyuma ya lilipokuwa jiko. Akainama kwa shida, akaweka kiganja kwenye lile jiwe la kusagia lililovunjika.

"Huyu ni mtoto wa mke wetu," akasema. "Nilimlaza hapa kivulini mimi mwenyewe, karibu na mama yake anapopikia. Jiwe nililivunja mimi, nikamfunika. Mama alinikataza nisimwambie." Akaegemea fimbo, anapata pumzi. "Naye kila siku anakuja anamkalia. Ningefanyaje? Nilikuwa namfukuza."

Mjukuu akasimamisha picha. Nikamwambia airudishe nyuma kidogo. Akairudisha. Nikamwambia tena.

Kabla ya kuondoka nilimwagiza abadilishe ile paswedi, aweke namba zozote anazotaka, aziandike kwenye karatasi, na karatasi akae nayo mbali na mashine. Akaahidi.

Lingeka tulikwenda wiki ile ile, basi mpaka Mwanhuzi, kisha bodaboda, mimi nimekaa upande. Mjukuu alishika simu mpya, anamfuata wifi wa kwenye rekodi hatua kwa hatua, na mwanangu nyuma yetu na vigingi vya mti vya kuchomeka kila wifi anapotaja jina. Nilisema majina yaliyoruhusiwa, mjukuu akayaandika kwa rangi nyeupe. Mwanangu hakucheka tena. Alipoona vigingi vimefika shambani kabisa, mahali alipopanga trekta ipite, akasema tu, "Kumbe tungewalima."

Nyuma ya jiko minyaa ilikuwa imefunika. Akaikata kwa panga. Jiwe lilikuwepo, limezama nusu, upande wa juu laini kama nilivyoliacha, kwa kusaga kwa wengine na kwa kukaliwa na mimi.

"Hapa niandike nani, bibi?" mjukuu akauliza, brashi mkononi.

Nikamwambia anipe mimi brashi, nao watangulie kwenye kivuli. Walipokwenda nikaketi chini, kando ya jiwe, nikaanza na herufi ya kwanza.